Benki imeuza nyumba, deni limelipwa: salio la mnada liko wapi? (Kenya, majirani mnakaribishwa)

Karani_Mstaafu

Wadau, hamjambo. Kwenye ule uzi wa minada watu walishikana mashati: benki ikipiga mnada nyumba yako na bei ikazidi deni, kinachobaki ni cha nani? Nikasema nitafungua uzi wake, maana mada ile ilishageuka matusi.

Kisheria hapana ubishi, ni chako. Tatizo liko kwingine. Nimefanya kazi ofisi za mawakili mjini Nakuru miaka mingi, mara tuko upande wa benki, mara upande wa mdaiwa, na sijawahi kusikia ofisa wa benki akimwambia mtu "salio lako tunalo na hatukupi." Kinachotokea ni kwamba mwenye nyumba anahama na aibu yake, anabadilisha laini ya simu kwa kuchoshwa na madalali, barua zinaenda kwenye sanduku la posta ambalo halilipii tena, na benki inanyamaza. Miaka miwili ikipita anapita tawini kuuliza. Anajibiwa kwa mdomo, akiwa amesimama kaunta: "Hakukubaki kitu." Anarudi nyumbani.

Rai yangu ni moja. Usianze kwa kudai pesa, dai hesabu. Ukidai pesa utaambiwa hakuna, na huna pa kushika. Ukidai hesabu iliyoandikwa, mstari kwa mstari, benki italazimika kuweka kwenye karatasi jinsi pesa za mnada zilivyoyeyuka, na karatasi hiyo ndiyo utakayoishughulikia.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 101, imewapanga foleni wanaolipwa. Kwanza reti (tozo ya kaunti juu ya ardhi), kodi ya ardhi kama shamba ni la lizi, yaani la kukodi kwa muda, na madai mengine yanayoishikilia ardhi yenyewe. Kisha mwenye rehani iliyotangulia, kama yupo. Kisha gharama za kuuza, na hapa sheria haikuacha mlango wazi: ziwe za kiasi, ziwe zimetumika kihalali, na zihusu mauzo hayo. Ndipo benki ijilipe mkopo na riba. Wakibaki wenye rehani zilizosajiliwa baada ya ile ya benki, nao walipwe. Kinachosalia apewe yule ambaye kabla ya mauzo alikuwa na haki ya kuikomboa hati.

Sasa nina hesabu ya kweli hapa mezani, majina nimeyafuta na tarakimu nimezizungusha kidogo ili asitambulike mtu. Ploti yenye nyumba ya mawe, imeuzwa 7,000,000. Benki inasema hivi: mtaji, yaani mkopo wenyewe bila riba, uliokuwa unadaiwa siku mkopo ulipoingia kwenye kundi la mikopo isiyolipika, 2,400,000. Riba na faini, 3,100,000. Gharama, 480,000. Reti, 160,000. Salio la mwenye nyumba, 860,000. Mwenye nyumba, mjane mmoja, aliposikia laki nane na sitini alishukuru Mungu, akawa tayari kutia sahihi.

Tazama ile riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinasema mkopo ukishakuwa haulipiki, riba inayoweza kudaiwa haiwezi kuzidi mtaji uliokuwa unadaiwa siku hiyo. Mtaji ulikuwa 2,400,000, basi riba imefika kikomo kwenye 2,400,000. Wao wameandika 3,100,000. Hapo peke yake laki saba za mjane zimekwenda na maji, na hakuna aliyemwibia kwa maana ya wizi wa mtaani. Mashine iliachwa ikihesabu tu.

Mahali pa pili pa kuchungulia ni tarehe. Matangazo ya minada gazetini husema mnunuzi alipe asilimia 25 nyundo ikigonga na iliyobaki ndani ya siku 90. Ile asilimia 25 imeshatoka mfukoni mwa mnunuzi siku hiyo hiyo. Lakini fungua taarifa ya akaunti ya mkopo uone imeingizwa lini. Nimeona ambazo zote ziliingizwa kwa mpigo mmoja mwisho wa siku 90, na riba ikaendelea kukimbia juu ya deni zima kana kwamba hakuna shilingi iliyopokewa. Kwenye nyumba ya milioni saba hiyo ni 1,750,000 iliyokaa mahali fulani miezi mitatu ikimzalia mtu mwingine.

Mahali pa tatu ni gharama, na hapa ndipo ninapochukia zaidi. Mnada umeahirishwa kwa sababu benki yenyewe haikutoa notisi sawasawa; tangazo la gazeti linalipiwa upya, dalali anadai tena, wakili anaandika barua zile zile kwa tarehe mpya. Yote yanatupwa kwa mwenye nyumba. Ripoti ya mthamini ikirudiwa naelewa, kwa kuwa Kanuni za Madalali za 1997 zinataka iwe haijazidi miezi 12. Lakini "gharama nyinginezo 210,000" bila risiti? Nyinginezo zipi?

Kwa hiyo barua yako iende kwa meneja wa tawi na nakala kwa idara ya sheria makao makuu. Iombe taarifa kamili ya akaunti tangu siku mkopo ulipotolewa, tarehe ulipoingia kundi la isiyolipika, hati ya mauzo ya dalali inayoonyesha bei, tarehe kila malipo ya mnunuzi yalipopokewa, na risiti ya kila gharama. Taja kifungu cha 101. Taja pia Katiba kifungu cha 35, kinachokupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ukiihitaji kulinda haki yako. Usiandike historia ya maisha yako wala jinsi ofisa fulani alivyokudharau. Ukurasa mmoja unatosha.

Maswali karibuni. Wanaotaka kunitukana pia karibuni, ila tukaneni kwa hoja.

Jamaa_wa_Thika

Mzee, unaota. Mimi huhudhuria minada. Nyumba ya milioni kumi inaenda kwa sita, wanunuzi ni wale wale, wanajuana na dalali kwa majina ya utani. Salio litatoka wapi? Mnawapa watu matumaini ya bure wakati walipaswa kupigana kabla nyundo haijagonga.

Karani_Mstaafu

Jamaa, kwa sehemu kubwa uko sahihi na sikatai. Minada mingi haiachi kitu. Lakini hata hiyo nyumba ya kumi iliyokwenda kwa sita ina kifungu chake. Cha 97 cha Sheria ya Ardhi hiyo hiyo kinaitaka benki ipate bei nzuri iwezekanayo na ifanye uthamini kabla ya kuuza. Bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu wake mpaka ijitetee. Kumi kwa sita ni pungufu la asilimia 40. Kifungu hicho kinakuruhusu hata kuomba mahakama ibatilishe mauzo, ila nyumba si rahisi irudi kwa kuwa mnunuzi analindwa; fidia unaweza kuidai benki. Na ukitaka kujua kama bei ilikuwa hivyo, unarudi pale pale: hesabu na ripoti ya mthamini.

Kupigana kabla ya mnada ni vizuri zaidi, nakubali. Kuna miezi mitatu ya notisi ya kwanza, siku 40 za notisi ya kuuza, siku 45 za dalali. Huo ni uzi mwingine.

Binti_Kisauni

Mzee Karani, shikamoo. Yetu ni hivi. Ploti ya Mtwapa ni ya mama, hati ina jina la mama. Aliiweka rehani kwa ajili ya mkopo wa kaka yangu wa biashara ya vipuri. Biashara ikafa, benki ikauza. Juzi tumegundua kwamba kulikuwa na salio, na benki ililitia kwenye akaunti ya kaka, kwa sababu "mteja wetu ni yeye". Kaka keshazitumia, na sasa hapokei simu ya mama. Mama hataki kumshtaki mwanawe. Tufanyeje?

Karani_Mstaafu

Marahaba binti. Pole, na pole kwa mama.

Kwa nijuavyo, si lazima mama amshtaki mwanawe. Aliyekuwa na haki ya kuikomboa ile hati ni mama, kwa sababu ardhi ni yake na rehani aliweka yeye. Benki ikimlipa mtu asiye mwenyewe, hasara ni ya benki. Lakini ngoja Wakili apite, nisije nikawadanganya.

Wakili_Kahawa_Mbili

Nimepita. Binti, Karani yuko sawa kimsingi. Mkopaji na mweka rehani wanaweza kuwa watu wawili, na kifungu cha 101 hakisemi "mteja". Lakini kabla ya barua, tafuta nakala ya hati ya rehani yenyewe mkasome mambo mawili. Kwanza, je, mama alitia sahihi mahali popote akielekeza malipo yaende kwa mwanawe? Wazazi hutia sahihi rundo la karatasi kwa siku moja bila kusoma. Pili, rehani ilikuwa ya mkopo ule mmoja, au ya "deni lolote" la mkopaji, la sasa na la baadaye? Kama ni ya deni lolote, benki inaweza kusema salio lilikwenda kufuta kadi ya mkopo ya kaka au deni lake lingine. Hilo si salio tena, ni deni, na ubishi unabadilika.

Sasa niongeze machache kwa wote, kwa sababu Karani anaandika vizuri mpaka mtu anaweza kudhani barua ndiyo mwisho.

Barua isipojibiwa, au ikijibiwa kwa ubabaishaji, mahakama inaweza kuamuru hesabu itolewe. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai zina amri nzima ya kuomba hesabu, Amri ya 20. Ni maombi ya kawaida, hayahitaji mashahidi kumi.

Wapi pa kwenda? Watu hukimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa sababu wanaona neno "ardhi". Mahakama ya Rufani mwaka 2017 ilieleza kwamba ugomvi wa rehani na hesabu za mkopo ni wa Mahakama Kuu, kwa sababu mzozo ni wa pesa. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa kufunguliwa mlango usio wake.

Kiasi kisichozidi shilingi milioni moja, fikirieni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya 2016 inataja waziwazi mikataba inayohusu pesa zilizopokewa na kushikwa, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60. Wakili wa benki atapinga, atasema jambo hili ni la rehani na halifai hapo. Mimi nadhani hoja ya 2017 inamrudia mwenyewe: ikiwa ni pesa, basi ni pesa. Lakini sitawaahidi. Na msije mkalikata dai la milioni tatu vipande vitatu ili liingie, hilo halikubaliki.

Muda: madai ya mkataba ni miaka 6. Zipo hoja za kurefusha, hasa ukisema benki ilishika pesa hizo kama amana kwa niaba yako, ila hoja za kurefusha ni za aliyechelewa. Ukiweza kutozihitaji, usizihitaji.

Mtanga_Halisi

Wakuu, salamu kutoka Tanga. Huku Tanzania Sheria ya Ardhi ya 1999 inafanana sana na yenu, hata ile asilimia 25 chini ya bei ya soko tunayo, na foleni ya kulipwa ni hiyo hiyo, kilichobaki ni cha mweka rehani. Tofauti ni notisi: yetu ni siku 60, kisha tangazo la mnada siku 14. Ninachokiona huku ni kwamba watu wanamfuata dalali kudai chenji yao. Dalali si wa kudaiwa. Yeye ametumwa na benki, akimaliza kazi anakabidhi. Mdai aliyemtuma.

Jamaa_wa_Thika

Hapo kwa dalali nakubaliana na Mtanga. Nimeona mtu akifukuzana na dalali Thika mjini mwaka mzima, na dalali anamwambia "rudi Ijumaa" kila Ijumaa.

Mkimbizi_wa_Baridi

Mimi niko Minnesota, nawasoma usiku wa huku. Kesi iliyowafumbua macho Wamarekani kuhusu jambo hili ilitoka mji huu wetu wa Minneapolis. Bibi mmoja, Geraldine Tyler, alikuwa na nyumba ndogo kwenye jengo la ghorofa, akahamia makazi ya wazee, kodi ya kaunti juu ya nyumba hiyo ikabaki bila kulipwa. Kodi yenyewe kama dola 2,300. Na faini na riba ikafika kama dola 15,000. Kaunti ya Hennepin ikaichukua nyumba, ikaiuza kwa dola 40,000, na ile 25,000 iliyozidi ikaibakiza yenyewe, kwa sababu sheria ya jimbo ilikuwa inaruhusu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Mei 2023 majaji wote tisa wakasema hapana: Kaisari apewe kilicho cha Kaisari, kisichozidi. Bibi alikuwa na miaka 94.

Hiyo ni ya kodi, si ya benki, msichanganye. Nimeileta kwa sababu ya kilichofuata. Huku majina ya wenye nyumba waliopigwa mnada na salio zao yanapatikana kwenye kumbukumbu za umma, kwa hiyo kumezuka watu kazi yao ni kusoma orodha hizo, kukupigia simu kwa sauti ya upole na kukuambia kuna pesa zako mahali, tia sahihi hapa, sisi tutachukua theluthi. Mkenya mwenzetu alikaribia kuwapa theluthi ya pesa ambazo angezipata kwa kujaza fomu ya ofisi ya kaunti. Baadhi ya majimbo yameweka kikomo cha wanachoweza kutoza, kwa mfano Texas, mengine bado yanawaacha. Kama Kenya hawajafika, watafika.

Karani_Mstaafu

Wameshafika, ndugu, ila huku wanakuja kama "nina mtu wangu ndani ya benki". Anataka elfu ishirini ya kufungulia faili. Mtu wa ndani hahitajiki. Unachokidai ni hesabu ya akaunti yako mwenyewe.

Mjukuu_Kericho

Na kama mwenye ploti ameshafariki? Shamba la babu yetu liliuzwa na benki mwaka 2016, naye akafariki 2019. Tumekuta barua ya benki kwenye sanduku lake la mabati, inasema "tafadhali wasiliana nasi kuhusu salio lililo kwenye akaunti yako". Tarehe yake ni 2017. Hakuna aliyeifungua.

Wakili_Kahawa_Mbili

Mjukuu, itunze barua hiyo kuliko hati yoyote mliyo nayo. Benki imekiri kwa maandishi kwamba salio lipo. Ubishi wa "hakukubaki kitu" umeisha kabla haujaanza. Msiwapelekee nakala halisi, pigeni fotokopi.

Lakini benki haitazungumza na "familia". Itazungumza na msimamizi wa mirathi. Kama hamjafungua mirathi, anzeni na barua ya chifu inayowataja warithi wote, na namaanisha wote, pamoja na yule wa nyumba ya pili ambaye hamsemezani naye. Mkimwacha nje, tangazo likitoka kwenye Gazeti la Serikali atakuja kupinga, na ana haki. Baada ya mahakama kutoa hati ya usimamizi ndipo mwandike ile barua ya Karani.

Jambo la pili: pesa iliyokaa miaka mingi bila kuguswa huenda benki haina tena. Sheria ya mwaka 2011 inazitaka benki kuhamisha pesa za namna hiyo kwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa. Tafuteni jina la babu kwenye tovuti yao, ni bure. Jaribuni na majina yakiwa yamepinduliwa, na tahajia zote alizowahi kuandikiwa. Benki nyingi ziliandika majina ya wazee walivyoyasikia.

Mjukuu_Kericho

Asante sana wakili. Wa nyumba ya pili tunasemezana, tatizo ni mjomba. Nitarudi.

Binti_Kisauni

Wadau, nimempeleka mama benki leo asubuhi na barua ya ukurasa mmoja kama alivyosema mzee Karani. Ofisa aliisoma, akaingia ndani, akakaa. Akatoka na mwenzake wa kike, wakawa na adabu ghafla, wakamletea mama kiti. Wakasema watajibu ndani ya siku 14, lakini wako tayari "kumsaidia mama" na 300,000 wiki hii akitia sahihi karatasi fulani. Mama alishaishika kalamu. Nimemwomba tuondoke kwanza. Nimepiga picha ile karatasi: inasema anapokea kiasi hicho "kama malipo kamili na ya mwisho" na kwamba "hatakuwa na dai lolote lingine dhidi ya benki kuhusu mali hiyo". Mama anasema laki tatu mkononi ni bora kuliko kesi. Mnasemaje?

Jamaa_wa_Thika

Benki haijawahi kumletea mtu kiti bure. Nimebadilisha mawazo kuhusu uzi huu.

Wakili_Kahawa_Mbili

Asitie sahihi. Karatasi hiyo ikishatiwa sahihi, kuipindua ni kazi nzito, utahitaji kuthibitisha udanganyifu au shinikizo. Mtu ambaye hajaonyeshwa hesabu hana njia ya kujua kama laki tatu ni nyingi au ni kichekesho.

Karani_Mstaafu

Binti, mwambie mama hivi kwa lugha yake: hakuna anayemkataza kupokea. Wamwekee hizo laki tatu kwenye akaunti yake, na yeye awaandikie kwamba amezipokea kama sehemu ya anachodai, akingoja hesabu kamili, bila kuacha dai lake lililobaki. Kama wanatoa kwa nia njema watakubali. Wakikataa kutoa bila ile sentensi ya "malipo kamili na ya mwisho", basi umeshajua kwamba kuna zaidi ya laki tatu.

Na ile barua ya leo, mlikwenda na nakala mbili? Nakala yenu iligongwa muhuri wa kupokelewa, ukiwa na tarehe?

Binti_Kisauni

Moja tu. Hawakugonga.

Karani_Mstaafu

Rudini kesho na mbili. Siku 14 zihesabiwe kuanzia muhuri.